Irina Privalova hakubahatisha Sydney

Kila inapotajwa fainali ya wanawake ya meta 400 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Sydney, Septemba 27, 2000, haipiti dakika neno muujiza halijatamkwa. Mrusi wa mbio fupi, mwenye miaka 31, aingie kwenye viunzi mwaka huohuo halafu aondoke na dhahabu kwa sekunde 53.02! Nyuma yake alikuwa Deon Hemmings wa Jamaika, bingwa wa Olimpiki ya Atlanta 1996, kwa 53.45, na Nezha Bidouane wa Moroko, bingwa wa dunia wa 1997, kwa 53.57. Mimi habari ya muujiza naikataa. Inamnyima Privalova sifa yake, na inawapotosha makocha wanaoamini kwamba yeyote mwenye kasi anaweza kutupwa kwenye viunzi akang'ara msimu mmoja.

Tuanze na kasi yenyewe. Rekodi ya dunia ya meta 60 ukumbini ni yake: 6.92, aliyoiweka Madrid mwaka 1993 na kuifikia tena hapohapo mwaka 1995. Meta 100 alikimbia kwa 10.77, meta 200 kwa 21.87. Barcelona 1992 alipata shaba ya meta 100 kwa 10.84, sehemu mbili tu za mia za sekunde nyuma ya Gail Devers aliyeshinda. Hadi hapo tunamzungumzia mtu wa mbio za sekunde kumi na moja, na ndiyo maana wengi walishangaa.

Lakini tazama kijiti kilimpeleka wapi. Mashindano ya dunia ya Stuttgart, 1993, alikimbia zamu ya mwisho ya mbio za kupokezana kijiti za 4x100, Urusi ikatwaa dhahabu kwa 41.49, muda uleule wa Marekani, picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Mashindano hayohayo akaingia kwenye kikosi cha 4x400 na kupata fedha. Mwaka huo pia alikimbia meta 400 za kawaida kwa 49.89. Hizi ni kazi mbili tofauti kabisa. Kwenye 4x100 unaondoka bila kugeuka nyuma, unanyoosha mkono na kumwamini mwenzako. Kwenye 4x400 anayekuja amechoka, hana tena uwezo wa kukufukuza, kwa hiyo lazima umtazame, upime kasi aliyobakiwa nayo, uchukue kijiti mwenyewe, kisha ubebe mzunguko mzima huku miguu ikiwaka moto. Mwanariadha aliyekwisha kupita hapo anajua meta 100 za mwisho zina ladha gani. Privalova alilijua hilo miaka saba kabla ya Sydney.

Sasa hesabu. Toa 49.89 kwenye 53.02, inabaki sekunde 3.13. Hiyo ndiyo gharama ya viunzi kumi kwake, na kwa bingwa ni gharama kubwa. Femke Bol wa Uholanzi ana 50.95 kwenye viunzi, na alipokuwa bingwa wa Ulaya wa meta 400 mwaka 2022 alikimbia 49.44, tofauti haifiki hata sekunde mbili. Tena ile 49.89 ya Privalova ilikuwa ya 1993, kwa hiyo kipimo changu si kamilifu, ila kinatosha kuonyesha jambo moja: hakushinda kwa ufundi wa kuruka. Alishinda kwa sababu akiba yake ya kasi ilitosha kulipia ufundi alioukosa.

Na ufundi huo ni wa sentimita. Kiunzi cha wanawake kina kimo cha sentimita 76.2. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni meta 45, kati ya kimoja na kingine meta 35, kutoka cha kumi hadi mwisho meta 40. Mrukaji huinuka kama meta 2 kabla ya kiunzi na kutua karibu meta moja baada yake, kwa hiyo kukimbia kwenyewe kunabaki meta 32. Kwa hatua 15, kila hatua iwe meta 2.13. Kwa hatua 17, meta 1.88. Chukua anayekimbia 15, uchovu umpunguzie sentimita 5 tu kila hatua: akifika kiunzini atakuwa amepungukiwa sentimita 75. Hapo ana mawili. Ajirushe kutoka mbali, agonge ubao au atue kwa kishindo na kasi yote ipotee. Au atapetape kwa vihatua viwili vifupi, jambo ambalo ni sawa na kukanyaga breki. Mara nyingi balaa hili huanza kiunzi cha sita, cha saba au cha nane, kwenye kona ya pili.

Mwenye kasi ya ziada anapata nafuu papo hapo. Mwendo ambao wenzake wanaukimbia kwa kujikamua, yeye anaukimbia akiwa bado amelegea mabega, na hatua haifupiki mapema. Hii ndiyo faida ya 10.77 kwenye mbio za meta 400, na haiji kwa bahati.

Kona nazo zina mambo yake. Anayetanguliza mguu wa kushoto anaweza kubana mstari wa ndani wa njia yake. Anayetanguliza wa kulia inambidi asogee nje kidogo, maana mguu wa nyuma ukipita kando ya kiunzi, chini ya kimo chake, anaondolewa mashindanoni. Njia ya 1 ndiyo yenye kona kali kuliko zote, na humo ndimo John Akii-Bua wa Uganda alimokimbia 47.82, rekodi ya dunia, Munich 1972. Nikiikumbuka mbio ile bado navua kofia.

Kwa hiyo kocha mwenye binti wa mbio fupi na ndoto ya viunzi, asianze na viunzi kumi. Ampe kwanza msimu wa 4x400 aone anavyomaliza. Kisha viunzi vitatu tu, vikiwa chini ya kimo halali, kwa mwendo wa mashindano, hatua zikihesabiwa kwa sauti mpaka idadi isibadilike. Afundishwe kutanguliza miguu yote miwili, ili hesabu ya 15 ikivunjika ahamie 16 bila kutapatapa, kwa kuwa idadi ya hatua inayogawanyika kwa mbili humbadilishia mguu wa kutangulia. Kukimbilia kwenye hatua 15 kwa sababu bingwa fulani anakimbia hivyo ni kosa ninaloliona likirudiwa kila msimu.

Septemba 30, siku tatu baada ya dhahabu yake, Privalova alipokea kijiti cha mwisho cha Urusi kwenye 4x400. Jamaika, wenye Hemmings kikosini, walipata fedha kwa 3:23.25, Urusi shaba kwa 3:23.46. Kwangu mimi shaba ile ina uzito kuliko watu wanavyoipa, kwa sababu alikuwa ametoka kukimbia mbio za viunzi ngumu kuliko zote maishani mwake na bado akasimama kwenye zamu ambayo hakuna wa kumrekebishia kosa.