Kabla Hujafuta Ile Video

Wiki jana simu yangu iligoma kupiga picha. Nafasi imejaa, ikaniambia, futa kitu. Nikaketi kwenye kochi nikaanza kufagia: salamu za asubuhi zenye maua, video za harusi nisizozikumbuka, picha za risiti nilizopiga sijui kwa nini. Katikati ya takataka hizo nikakuta vipande kumi na vinne vya video za maandamano ya Juni 2024, hapa Nairobi. Moshi wa vitoza machozi, watu wakikimbia, na katika kimoja vijana wanne wamembeba mwenzao kwa mikono na miguu, kiatu kimoja hakipo. Dole gumba langu lilikuwa limeshafika kwenye kile kialama cha ndoo.

Kilichonizuia ni Hola.

Wengi wetu Hola tulifundishwa mstari mmoja tu darasani: tarehe 3 Machi 1959, wafungwa kumi na mmoja wa Mau Mau waliuawa kwa kipigo kambini, kule Tana River. Mwalimu wangu hakutufikisha kwenye maji. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Iliandikwa kwa taipureta na kutolewa kwa umma, na kama si uchunguzi wa maiti ulioonyesha kwamba waliuawa kwa kupigwa, huenda hadi leo tungekuwa tunasoma habari za maji mabaya ya Hola. Mzee Wambugu wa Nyingi alikuwa pale. Alipigwa hadi akazimia, akalazwa pamoja na maiti kwa kudhaniwa naye amekufa. Alikuwa ameshikiliwa kizuizini miaka mingi bila kufunguliwa mashtaka yoyote.

Mzee huyo alikuja kuishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Kesi ilifunguliwa mwaka 2009 na Wakenya watano wazee, na utetezi wa Waingereza ulikuwa wa kutabirika: mambo ni ya zamani mno, mashahidi wamekufa, haki haiwezi kutendeka tena. Wangefaulu, nadhani, kama si mafaili.

Uhuru ulipokaribia, waliotutawala walikaa wakachambua makabati yao. Mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, alitoa maelekezo kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Malkia, au kuwaumbua polisi, wanajeshi, watumishi na watoa habari wao. Kazi ya kuchambua walipewa maofisa Wazungu peke yao. Karani Mwafrika, hata awe mwaminifu vipi, asiguse. Mengi yalichomwa, na maelekezo yakasisitiza kwamba majivu nayo yapondwepondwe. Mahali pengine iliruhusiwa kuyatia mafaili kwenye makasha yenye uzito na kuyazamisha baharini, mbali na pwani, kwenye kina kisicho na mkondo. Ukifikiria, hii ni heshima kubwa sana kwa karatasi. Mtu hahangaiki hivyo na kitu kisichomtisha.

Yasiyochomwa yalipakiwa kwenda Uingereza. Kenya huru ikayaomba, ikanyimwa. Miongo ikapita, hadi mwaka 2011 kesi ya wazee ilipoilazimisha Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kukiri kwamba ina ghala la siri huko Hanslope Park, lenye masanduku kama 300 ya mafaili ya Kenya. Na si Kenya tu: kulikuwa na mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani. Msukumo mkubwa ulitoka kwa wanahistoria waliokuwa wameshakesha na nyaraka hizi, kina David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, waliojua kwamba kuna kitu hakijatolewa kwa sababu nyaraka zilizokuwa wazi zilikuwa na mapengo, kama mdomo uliong'olewa meno.

Oktoba 2012 Jaji McCombe akaamua kwamba kesi inaweza kuendelea licha ya zaidi ya nusu karne kupita. Hoja yake mojawapo naipenda kuliko zote: watawala wale walikuwa waandishi wazuri mno wa kumbukumbu. Karatasi ni nyingi kiasi kwamba kesi ya haki inawezekana. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, fidia ya watu 5,228 pamoja na gharama za kesi, na kueleza masikitiko yake. Ukigawanya, kila mmoja anapata kiasi ambacho sitaki kukitaja mbele ya mtu aliyeteswa. Lakini walishinda. Walishindia kwenye mafaili ya mtesaji wao mwenyewe, yakiwemo maneno ya mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliyemwandikia gavana mwaka 1957 kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya.

Ndipo napokuja na maoni yangu, na najua si kila mhifadhi atayapenda. Tunapozungumzia hifadhi ya nyaraka za haki za binadamu, tunapenda kuuliza maswali ya ufundi: joto la chumba, mashine za kuskani, seva. Mimi nauliza nani ana ufunguo. Wazee wetu walisema kesi ya ngedere hakimu nyani. Basi na ghala la ngedere, mtunzaji asiwe nyani. Mafaili ya Hanslope yalinusurika kwa bahati tu, si kwa wema wa mtu, na leo Mkenya anayetaka kuyashika kwa mikono yake aombe viza, apande ndege, afike Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, yalikohamishiwa.

Sasa rudi kwenye simu yangu. Mwaka 1959 kalamu ilikuwa mikononi mwa askari jela. Aliyepigwa alikuwa na kovu tu. Leo aliyepigwa ana kamera. Tumefurahia jambo hilo tukasahau kuuliza kamera ile inaweka wapi vitu vyake. Tunaviweka YouTube, Facebook, TikTok, kwenye ghala la mtu mwingine, kwa masharti ambayo hakuna aliyeyasoma. Wasyria walilipia somo hili. Mwaka 2017 YouTube ilitumia mashine kusaka video za magaidi, na mashine haikujua kutofautisha anayesifu mauaji na anayeyashuhudia. Video kwa maelfu za vita vya Syria, zilizopigwa na watu waliohatarisha shingo zao, zikatoweka. Nyingi zilipona kwa sababu kikundi kidogo kinachoitwa Syrian Archive, chenye makao Berlin, kilikuwa tayari kimezipakua nakala na kuziorodhesha moja moja. Baadaye Wayemeni na Wasudani nao wakaanzishiwa hifadhi za namna hiyo.

Kuwa na nakala hakutoshi, hata hivyo, na hapa ndipo vile vipande vyangu kumi na vinne vinapofedheheka. Vyote vililetwa na WhatsApp. WhatsApp inapokupelekea video huibana iwe nyepesi, na katika kuibana hupoteza zile taarifa zilizojificha ndani ya faili: saa iliyopigwa, mahali, simu ya aina gani. Wakili akinisimamisha kizimbani aniulize barabara gani ile, saa ngapi, aliyepiga ni nani, nitabaki nameza mate. Ukimtumia mtu faili kama dokumenti badala ya kama video, hufika jinsi lilivyo. Jambo dogo hilo, na sijaona kikundi cha majirani wala cha ukoo kinacholifundisha.

Kuna waliolifanyia kazi. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi Kivu Kusini iliwatia hatiani makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kwa uhalifu uliofanyika vijijini, na miongoni mwa ushahidi zilikuwemo picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness, ambayo hufunga saa na mahali ndani ya picha na kuhifadhi nakala isiyoguswa. Kongo, bwana, mahali ambapo tumezoea kusikia kwamba ushahidi haupatikani!

Rafiki yangu mmoja hubishana nami hapa. Anasema nahubiri kila kitu kianikwe. La. Kuhifadhi ni jambo moja, kuonyesha ni jingine. Pale Lakilaki, Arusha, ndiko zilikowekwa kumbukumbu za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyofungwa mwishoni mwa 2015, na humo mna mikanda ya ushahidi wa watu waliozungumza kwa majina ya siri nyuma ya pazia. Wapo wanawake waliosimulia mle mambo ambayo pengine hawajawasimulia hata watoto wao. Kuna nakala za umma zilizofichwa majina, na kuna zile ambazo hazifunguliwi. Naona ni sawa kabisa. Kijana aliyebebwa kwenye video yangu ana mama. Sina haki ya kumtundika mtandaoni ili nipate wafuasi, na sina haki ya kumfuta pia.

Kwa hiyo sikufuta. Nilinunua kadi ya kuhifadhia, nikahamisha vipande vyote, nikamwachia dada yangu nakala ya pili Nakuru, na nikafungua daftari la kawaida la shule. Kila kipande nikakiandikia namba, nani alinitumia, lini, na ninachokiona: bango la duka, kona ya jengo, kivuli kimeelekea wapi. Viwili nimeshavitambua barabara yake. Kazi inachosha, inaumiza macho, na kuna usiku nilishindwa kuendelea.

Kile cha vijana wanne kililetwa na binamu yangu. Nikampigia kumuuliza kama alikipiga mwenyewe. Akasema ndiyo, alikuwa amesimama karibu sana. Nikamwomba basi anitumie faili lenyewe, lile la asili, kutoka kwenye simu.

"Simu ile?" akasema. "Niliiuza Luthuli Avenue mwaka jana." Akanyamaza kidogo. "Kwani bado mnamtafuta yule jamaa?"