Kocha wa daraja la tatu

Ndugu zangu nyumbani hunicheka nikiwaambia kwamba hapa Denver, Marekani, nimekuwa shabiki wa hoki ya barafu. Chekeni tu. Ila kila nikisikia kocha mwingine katimuliwa Kariakoo, huwa namfikiria Jared Bednar.

Huyu ndiye kocha wa Colorado Avalanche, timu ya hapa Denver, na NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu, hakuwahi kucheza hata mechi moja. Alikuwa beki wa madaraja ya chini, sana sana ECHL, ligi ya ngazi ya tatu, ambako safari ni za basi usiku kucha na mshahara ni wa kubangaiza. Akiwa South Carolina Stingrays, timu ya mji ambao theluji ikianguka inasimuliwa, alitwaa Kombe la Kelly, la ubingwa wa ECHL, mwaka 1997 na 2001. Alipotundika daluga (zake zina visu, lakini mnanielewa) klabu ileile ikamfanya kocha msaidizi. Alikaa benchi misimu mitano akijifunza kazi, ndipo akakabidhiwa timu, na 2009 akalirudisha kombe lile. Mwaka 2016 akabeba Kombe la Calder la ligi ya pili, AHL, na Lake Erie Monsters. Denver wakamwita.

Msimu wa kwanza ulikuwa aibu: mechi 82, ushindi 22, pointi 48, mkiani mwa ligi nzima. Kwetu asingeiona Krismasi. Mashabiki wangejaa getini, na msemaji angetutangazia kwamba "pande mbili zimekubaliana". Hawa walimwacha afanye kazi. Mwaka 2022 akaleta Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL.

Simaanishi kwamba huku hawafukuzi. Wanafukuza sana, tena bila haya. Ninachowaonea wivu ni kwamba daraja la chini kwao lina mlango wa kutokea. Kwetu beki aliyesota daraja la kwanza miaka kumi akistaafu anaendesha bodaboda, au anafundisha watoto mchangani bila kozi wala posho. Ukimtaja kwa timu kubwa utaulizwa, "Huyo kamfundisha nani?" Kisha tunakwenda uwanja wa ndege na matarumbeta kumpokea mzungu ambaye pengine kwao naye ni wa daraja la tatu.

Mimi ningeanza na kidogo. Klabu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu yetu, imchukue beki wake anayestaafu, imlipie kozi ya leseni C ya CAF, imweke benchi kama msaidizi. Hela ya tiketi za kocha mgeni na familia yake nadhani ingetosha, na chenji ikabaki.