Si Kila Kinachowasha ni Fangasi

Juma lililopita nilimkuta mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 4, amelala akiwa amevishwa soksi mikononi ili asijikune usiku. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ngozi yake ilikuwa nene, kavu na nyeusi kuliko sehemu nyingine za mwili, na ukipitisha kidole ulihisi vipele vidogo vilivyosongamana kama punje za mchanga. Kwa miezi 8 alikuwa akitibiwa fangasi. Daktari wa ngozi alipomwona hatimaye, aliuliza kwanza kama kuna mwenye pumu katika ukoo, naye yupo, ni bibi yake mzaa baba. Ilikuwa pumu ya ngozi, ugonjwa usio wa fangasi ambao mara nyingi hutokea katika koo zenye pumu.

Kinachoniuma ni kwamba "fangasi" limekuwa jibu letu kwa kila kinachowasha. Choa, yaani fangasi wa ngozi, kina alama zake: huanza mahali pamoja, kikatanuka kama duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, huku katikati pakielekea kupona. Pumu ya ngozi kwa kawaida hushika pande zote mbili, kiwiko cha kulia na cha kushoto, haina ukingo unaoeleweka, na huja na kuondoka. Mzazi anaweza kuanza kuiona tofauti hiyo akimvua mtoto nguo mchana, karibu na dirisha, na kumtazama mwili mzima badala ya lile baka moja. Soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi usio fangasi, nayo hupenda viwiko kwa nje, magoti kwa mbele na kichwani, ikiwa na magamba mazito ya rangi ya fedha.

Maelezo mengi ya magonjwa haya yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, ndiyo maana tunaambiwa tutafute wekundu. Kwenye ngozi zetu hali hiyo mara nyingi hujitokeza kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, na mama anayesubiri wekundu atachelewa. Mwaka 2020 Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu cha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi. Inasikitisha kwamba pengo hilo lilimsubiri mwanafunzi.

Lakini hasira yangu kubwa ni juu ya ile tyubu ya mchanganyiko ambayo dada yangu aliuziwa mara tano bila kuulizwa swali lolote. Ndani yake mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, betamethasoni, kwa pamoja. Steroidi hutuliza muwasho ndani ya siku chache, basi kila mtu huamini kwamba fangasi wamekufa. Ukiacha kupaka, ugonjwa unarudi, nawe unarudi dukani. Kama kweli ni choa, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu steroidi hupunguza nguvu ya mwili ya kupambana nacho, ukingo wa duara hufifia, kikaenea kimyakimya hata daktari akapata shida kukitambua. Ikipakwa muda mrefu usoni au kwenye mikunjo ya mtoto, ngozi hukonda na kuweka michirizi isiyofutika.

Nakubali kwamba daktari wa ngozi yuko mbali na wengi wetu, na kwamba steroidi iliyochaguliwa vizuri ndiyo dawa aliyoandikiwa mtoto wetu, tena kwa siku zinazohesabika. Nakubali pia kwamba si kila kosa ni la dukani: piko ya harusi iliyochanganywa na rangi ya nywele huwatoa watu malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, nayo tunapakana nyumbani.

Mtoto sasa anapakwa mafuta mazito mara tu anapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na soksi zimevuliwa. Weusi kwenye viwiko haujaondoka, na daktari amesema utachukua miezi. Dada yangu humpeleka dirishani kila asubuhi kuutazama.