Tulipu za mwezi wa kumi na mbili

Kila tunapokutana Waswahili wa huku Uholanzi, lazima mtu aseme: "Wenzetu wanajali muda, sisi nyumbani hatuna haraka." Mimi nimelelewa na mkulima wa mahindi Handeni, na kauli hiyo inaniuma. Kama mnataka kumjua mtu anayeogopa kuchelewa, nendeni mkamtazame mama yangu wingu la kwanza linapojikusanya.

Mwaka juzi nilinunua vitunguu 40 vya tulipu, yale maua yanayoota kutoka kitunguu, hapa Leiden, mwezi wa tisa. Kabla sijavipanda, baba mkubwa akafariki, nikaenda msibani. Niliporudi Desemba ilikuwa inaelekea Krismasi, na mfuko bado unaning'inia kwenye kibanda cha baiskeli. Tulipu hapa hupandwa vuli yao, aghalabu Oktoba na Novemba. Bibi wa jirani alinipa pole akijua nimeshachelewa.

Nikavikagua kimoja kimoja kwa kidole gumba. Sita vilikuwa vimelegea na vina ukungu, nikavitupa. Vilivyobaki vilikuwa vigumu, ganda la kahawia likipukutika kama la kitunguu cha jikoni. Kimoja nikakipasua kwa kisu toka juu hadi chini. Katikati, kati ya matabaka meupe, kulikuwa na ua dogo la rangi ya siagi, limekwisha kuumbika, limejikunja. Ua lipo ndani tayari, linalongoja ni baridi: wiki 12 hadi 16 za udongo wa baridi, ndipo bua lirefuke. Nikahesabu kwa vidole kuanzia mwisho wa Desemba. Wiki zilikuwa zinatosha.

Tarehe 28 nikachimba. Juu ya udongo palikuwa na jalidi nyembamba kama sukari, chini bado laini. Nikavifukia sentimita 15, ncha juu. Wenye ujuzi huwa hawana haraka ya kupanda tulipu hata kidogo, maana udongo ukishapoa, ule ugonjwa wa ukungu unaobabua majani hupungua nguvu.

Zilichanua mwezi wa tano, za jirani zikiwa zimeshapukutisha petali. Mabua yalikuwa mafupi, zaidi kidogo ya shubiri. Lakini 30 zilichanua, nyekundu tupu.

Sasa mchukueni mama. Kwake mvua ya kwanza ndiyo ya kupandia. Akichelewa wiki mbili, mbelewele zinatoka jua limeshakuwa kali, na gunzi linakuja na mapengo kama kinywa cha mzee. Hakuna mfereji wa kumwagilia wala duka la kununua msimu mwingine. Shamba linatayarishwa mapema, mbegu zinakaa tayari ndani, na mvua ikinyesha usiku, alfajiri watu wako shambani na majembe. Huku niliko, treni ikichelewa dakika nne watu wanaguna, ila aliyechelewa kupanda bustani yake hakosi kula. Nani basi kati yao anayejali muda? Nawaomba tuache kuwasema wazazi wetu hivyo, tena mbele ya watoto wetu waliozaliwa huku.

Bibi wa jirani, alipoziona zimechanua, alinisimulia kwamba majira ya njaa ya 1944 hadi 1945, chini ya Wajerumani, mama yake alipika vitunguu vya tulipu, wakala. Aliyasema hayo akiwa ameshika ua moja kwa vidole viwili. Siku ile nilitamani sana akutane na mama yangu.

Mama nilimtumia picha. Akauliza kama zitaota Handeni, nikamweleza kuwa bila baridi ile haziwezi kuchanua vizuri. Mwaka jana, Oktoba, nilipokuwa napanda tena, safari hii kwa wakati, nikampigia asubuhi nimwonyeshe kwa video. Simu iliita mara tatu ndipo akapokea, akihema, nyuma yake nasikia majembe.

"Mwanangu, nipigie jioni. Imenyesha jana usiku."