Mpeni mtoto muda aigize

Mwanangu wa miaka sita alilala kifudifudi miguuni pa dada yake, akatulia tuli. Tukaanza kukisia. Samaki! Mgonjwa! Zulia! Mtu aliyezimia! Akatikisa kichwa. Dada yake alipopiga hatua, naye akajikokota kumfuata. Dada alipoinua mkono, naye akainua wake palepale sakafuni. Tulihangaika kweli, hadi bibi yake alipotamka: "Kivuli!" Mtoto aliruka juu kama aliyetwaa kombe.

Tangu siku hiyo sijaacha kuziwaza dakika zile. Ni lini tena mtoto wa umri huo huwapata wakubwa wote wa nyumbani wakimkazia macho, wamenyamaza, wakitafuta kumwelewa? Siku zote sisi ndio wasemaji, yeye ndiye anayetakiwa kuelewa. Kwa hiyo nasema bila kusita: mchezo huu wa kuigiza neno bila kusema, huku wengine wakilikisia, ukichezwa na watoto wadogo, uchezwe bila saa na bila pointi.

Najua saa ndiyo inayowachangamsha watu wazima. Kwa mtoto wa miaka mitano inaharibu. Yeye ana picha kichwani na anaitafutia mwili, na kazi hiyo si ndogo. Lazima achague kwanza ni kipi kitakachotambulika: tembo ni mkonga, au ni ule uzito wa hatua zake? Halafu ajaribu, atazame nyuso zetu, na akiona hatujaelewa abadili njia. Huko kubadili njia ndiko ninakokupenda kuliko yote. Mwanzoni hurudia kitendo kilekile kwa nguvu zaidi, kama mtu anayempazia sauti asiyejua lugha yake. Kisha siku moja unamwona anasimama, anafikiri, anakuja na kitendo kipya kabisa. Dakika moja haitoshi kwa hayo. Na mzazi anayetaja jibu papo hapo ili aonekane mwepesi anamkatiza mtoto kabla hajaanza. Kwetu, wakubwa huhesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo.

Wa miaka mitatu wana habari yao. Mtoto wa umri huo bado hajashika vizuri kwamba analolijua yeye, mwenzake huenda halijui; kwa wengi jambo hilo huanza kukaa sawa karibu na miaka minne. Ndiyo maana husimama katikati bila kufanya lolote, akishangaa mbona hatusemi, au huja kukunong'oneza jibu sikioni. Asikemewe kwamba ameharibu mchezo. Mwacheni aigize pamoja na kaka yake, mpeni picha badala ya karatasi yenye maandishi, na maneno yawe ya vitendo anavyoviona kila siku: kupiga mswaki, kufagia, kubembeleza mtoto. Mwenye haya naye asisukumwe mbele. Abaki upande wa wanaokisia mpaka atakapotaka mwenyewe.

Mchezo huu asili yake ni Ufaransa, katika karne ya 18, na wakati huo ulikuwa kitendawili cha maandishi: neno lilikatwa silabi, kila kipande kikatolewa fumbo lake, kisha neno zima. Kuigiza kulishamiri katika karne ya 19, lakini ile kazi ya kukata neno haikupotea, na mimi naona Kiswahili kinaifaa mno. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, hata mtoto asiyejua kusoma huzihesabu kwa makofi. Binti yangu wa miaka tisa alipewa "sikukuu". Akapunga kidole kukana, kisha akakunja mikono iwe mabawa na kuanza kudonoa sakafu. "Si... kuku?" baba yake akauliza. Binti akachongoa midomo kuonyesha imebaki u, na sote tukapiga kelele. Mimi ningelikata siku na kuu. Yeye alisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika neno nililolitumia maisha yangu yote. Jaribuni pia "paa", ambalo ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kwenda angani. Kila mmoja ataliigiza kivyake na wote watakuwa sahihi.

Watoto waliovuka miaka kumi wanadai saa, timu na alama, na wana haki. Tunawapa duru yao wadogo wakishalala.

Ila yule wa kivuli siku hizi halali upesi. Jana alijikunja chini ya meza, akaziba uso kwa viganja, kidole kimoja tu kikichezacheza hewani. Tumetaja yai, kobe, mbegu, jiwe. Hajakubali hata moja, nasi hatujamwomba jibu.