Kimya Kinachochapishwa Gazetini

Mama mboga wa Kawangware akilipwa shilingi 80 za sukuma na nyanya kwa M-Pesa, ujumbe unaoingia kwenye simu yake humtajia jina la aliyelipa, nalo ni jina la kitambulisho. Rafiki yangu mmoja analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ni mwanamke, kitambulisho chake bado kina jina la kiume alilopewa alipozaliwa. Mtaani kwake halipi chochote kwa simu. Hutoa pesa katikati ya jiji, kwa wakala asiyemjua, akarudi na noti, na pale kibandani huzihesabu huku mama akimwita "dada" na kumwongezea dania.

Namtaja kwa sababu ya swali linaloulizwa Nairobi kila mtu aliyebadili jinsia anapotokea kwenye runinga kutetea haki za wenzake: kwani hawezi kuishi maisha yake kimya?

Swali hilo haliulizwi na wenye chuki peke yao. Wapo transjenda wanaoliuliza, na wana sababu. Uso ukishaonekana kwenye taarifa ya habari, keretaka ameuona, na mama kijijini ataulizwa kanisani. Tena kelele huzaa kelele. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 3 dhidi ya 2, kwamba shirika la kutetea watu wa mapenzi ya jinsia moja lisinyimwe usajili. Mwaka huohuo Mswada wa Kulinda Familia wa mbunge Peter Kaluma, wa kupiga marufuku mapenzi ya jinsia moja, ukawa gumzo la nchi. Kesi ile haikuwa ya waliobadili jinsia, lakini mtaani nani anatenganisha? Aliyejificha vizuri hujikuta akilipia ushindi ambao hakuuomba. Hoja hiyo naiheshimu.

Ila inachukulia kwamba kimya kipo, na mtu anaweza kukichagua. Tazama njia anayopita raia mtulivu anayetaka kubadili jina kwa mujibu wa sheria. Anakwenda kwa wakili, anatia saini hati, inasajiliwa, kisha jina la zamani na jina jipya yanachapishwa pamoja katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa aliyesilimu, tangazo hilo halina uzito. Kwa mtu ambaye jina la zamani ni la kiume na jipya ni la kike, mistari ile michache ndiyo kujitokeza hadharani, hata kama hajawahi kushika kipaza sauti maishani mwake.

Na hati ikishapatikana, bado kuna jinsia iliyoandikwa kwenye kitambulisho, maana Bunge halijatunga sheria inayoeleza inabadilishwaje. Kitambulisho ndicho kinachosajili laini ya simu, ndicho kinachofungua akaunti, ndicho kinachoachwa getini kwenye majengo ya ofisi. Askari anakitazama, anamtazama mwenyewe, anakitazama tena, kisha anamwita mwenzake. Foleni nyuma inasikiliza. Mtu huyo amekwisha kuwa habari ya watu kabla hajafungua kinywa. Kilichobaki ni kuamua kama atazungumza au ataondoka.

Hapo ndipo ninapomwelewa Audrey Mbugua, mwanaharakati transjenda. Alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2001 kwa jina la kiume. Alipotafuta kazi, cheti kilisema mwingine, aliyeketi mbele ya meza akawa mwingine. Alitaka Baraza la Mitihani la Kenya limbadilishie, halikufanya hivyo, akaenda mahakamani. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru apewe cheti chenye jina lake, bila alama ya jinsia, kwa kuwa kanuni za baraza lenyewe hazikulazimisha alama hiyo iwepo. Jambo hilo dogo halinitoki akilini. Alama iliyomfungia milango miaka yote ile haikuwa hata takwa la kanuni. Ingeweza kuondolewa pale kaunta, asubuhi moja, bila kamera. Ikabidi iwe kesi, na kesi ikaleta kamera.

Husemwa pia kwamba uanaharakati huu ni mradi wa wafadhili. Wanaotafuta riziki humo hawakosekani, kama kila mahali. Lakini Julai mwaka huohuo wa 2014 shirika la Audrey, Transgender Education and Advocacy, liliishinda mahakamani bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali iliyokuwa haijalisajili. Shirika lililosajiliwa hupeleka hesabu zake serikalini. Mwizi hashtaki ili akaguliwe.

Wanaotetea kimya hunionyesha kesi ya Eldoret, nayo ndiyo hoja yao bora. Agosti 2025 Mahakama Kuu huko iliamuru mwanamke transjenda aliyedhalilishwa kizuizini alipwe shilingi milioni 1, ikaitaka serikali ilete sheria ya kuwalinda walio kama yeye. Hukumu inamtaja kwa herufi tu. Kweli, herufi zinamlinda aliyedhalilishwa. Lakini anayedai jina lenyewe, liandikwe kwenye cheti na liitwe kwenye usaili, atajifichaje nyuma ya herufi?

Rafiki yangu bado hajakwenda kwa wakili. Juzi aliniuliza Gazeti Rasmi husomwa na nani hasa. Nikamwambia mawakili, benki, na siku hizi yeyote mwenye intaneti. Alinyamaza kidogo.

"Basi kama lazima watu wajue," akasema, "nitaanza kumwambia mama mboga mimi mwenyewe."