Mwacheni Utada anyamaze

Juzi mchana kazini, dogo mmoja tunayekaa naye meza moja aliniuliza nasikiliza nini kila siku mpaka nakuwa kimya vile, nikampa upande mmoja wa earphone. Ilikuwa Fantôme, albamu ya Utada Hikaru, mwimbaji wa Japani. Kasikiliza kidogo, katoa simu kaanza kuperuzi, halafu akasema: "Kaka, huyu mbona alikaa miaka minane bila albamu ya Kijapani? Msanii wa hivyo si ameshaisha?"

Sikumjibu pale pale. Ila nimekaa na hilo neno "ameshaisha" siku tatu na limenikera kwelikweli.

Hesabu yake iko sawa, simkatalii. Heart Station ilitoka Machi 2008, Fantôme ikatoka tarehe 28 Septemba 2016. Lakini huyu mtu alianza kubebeshwa mzigo akiwa mtoto. First Love ilitoka Machi 1999, Utada ana miaka 16, ikauza nakala zaidi ya milioni saba Japani peke yake na mpaka leo ndo albamu iliyouzwa kuliko zote kule. Miaka 16! Umri huo mi nilikuwa bado natumwa dukani sukari. Halafu ikawa albamu juu ya albamu, ya Kijapani, ya Kiingereza, tena nyimbo anaandika mwenyewe, mpaka 2010 akatangaza anaweka muziki pembeni ili akafanye "shughuli za kibinadamu". Ndo maneno aliyotumia. Yani mtu anaomba ruhusa ya kuwa binadamu, na bado kuna watu waliona anajidai.

Sasa akiwa huko kwenye mapumziko yake, Agosti 2013 mama yake akajitoa uhai, Tokyo. Na mama mwenyewe ni Fuji Keiko, mwimbaji wa enka, zile nyimbo za Kijapani za mtindo wa zamani zenye huzuni, aliyeanza 1969 na kuitikisa Japani yote akiwa bado binti mdogo, kwa hiyo msiba haukuwa wa familia tu, nchi nzima iliingia sebuleni. Utada ikabidi aandike taarifa kwa umma kueleza kwamba mama yake aliteseka na maradhi ya akili kwa miaka mingi. Fikiria hujamaliza hata kulia unatakiwa utoe maelezo.

Hapa ndo nataka mtu aniambie, albamu ilitakiwa itoke lini? Mwezi uliofuata?

Mama yangu alifariki 2019. Kazini nilikokuwa wakati ule nilipewa siku nne, ya tano naulizwa ripoti iko wapi, na sio kwamba walikuwa watu wabaya, ndo utaratibu, wote tunaenda hivyo hivyo, watu wanamaliza matanga wanakunja mikeka na wewe unatakiwa ujikunje nayo. Kilichonishinda sio kaburi, nilichoshindwa ni pale mochwari tulipoenda kumchukua. Mama yangu hakuwahi kupaka poda maisha yake yote, alikuwa anajipaka mafuta ya nazi basi, na pale nikamkuta kapakwa poda, mdomo una rangi kidogo. Kapendeza, kama anaenda mahali. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote hicho kitu kwa sababu sikujua nitakisemaje.

Halafu siku moja nakaa nasoma tafsiri ya Hanataba wo Kimi ni, wimbo wa tatu kwenye Fantôme, na unaanza hivi: asubuhi ambayo mtu asiyejipodoa kwa kawaida alikuwa kapakwa vipodozi kidogo. Nilisimama. Ukisikia haraka haraka utasema ni harusi, maana jina lenyewe ni shada la maua kwa ajili yako, na NHK, shirika la utangazaji la Japani, waliutumia kwenye tamthilia yao ya asubuhi mwaka ule wa 2016, yani watu wanakunywa chai na kuvalisha watoto sare huku wimbo unapita. Na ni maiti imepambwa. Ni mtoto anamwangalia mama yake mara ya mwisho. Kitu nilichoshindwa kukisema mi, mtu wa mbali kabisa, lugha siijui, alikuwa ameshakisema kwa mstari mmoja. Mstari kama huo hauandikwi ndani ya wiki mbili kwa sababu kampuni inataka singo. Unakaa ndani ya mtu, unamuumiza, na siku moja unatoka wenyewe.

Na jina la albamu je? Fantôme ni Kifaransa, ni mzimu. Wengine wakisikia hivyo wanawaza sinema za kutisha, ila sisi tuna neno letu na tunajua uzito wake, mzimu ni wa kwenu, ni mtu aliyekufa ambaye bado mnaishi naye. Ndo albamu yote ilivyo. Hata Michi, inayofungua, ni ya kuchezeka kabisa, miguu inaenda yenyewe, na bado mama yumo.

Ile ya humo aliyoimba na Sheena Ringo, mwimbaji mwenzake wa Kijapani, ni nzuri, inahusu kutoroka majukumu kwa muda wa saa mbili tu. Wimbo mwingine wa humo, Bōkyaku, mi haunikamati sana, nitasema ukweli.

Na kuna kitu dogo alisema baadaye tukiwa tunatoka, na inaniuma kukubali: kwamba Utada alikuwa na uwezo wa kunyamaza. Kweli. Ukishauza mamilioni ya nakala unaweza kukaa na kodi ikalipwa. Msanii wa mtaani kwetu akinyamaza miezi minane tu, jina limepotea na promota hapokei simu yake. Sawa. Lakini kama wengine hawapewi nafasi ya kuomboleza, kosa ni la hao wanaowanyima, halimgeuki aliyeipata. Mi nataka wote waipate, hata huyo wa mtaani, hata mi na siku zangu nne.

Albamu ilipotoka iliingia namba moja Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani. Ila namba nazitaja kwa ajili ya dogo tu.

Kinachonishangaza zaidi ni wimbo wa mwisho, Sakura Nagashi. Huo aliutoa Novemba 2012 kwa ajili ya filamu ya Evangelion, katuni ya Kijapani, mama yake bado yuko hai. Unahusu maua ya sakura, yale ya mti wa mcheri, yanayoanguka na mtu ambaye hayaoni tena. Akauchukua baada ya miaka yote ile akauweka ufunge albamu ya mama yake, na unakaa pale utasema uliandikwa siku ya mazishi. Mi huo siusikilizi kwenye daladala. Ukifika naubonyeza usimame, nasubiri mpaka nifike nyumbani nifunge mlango.